Garanti ya nyongeza kwa telefone: tunanunua nini hasa?



Mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama hapa Kisangani alikuwa anavuka mto kwenda Lubunga. Kama wote tunavyojua, hakuna daraja kati ya mji na ng'ambo ile. Watu wanapita kwa mtumbwi. Wakati wa kushuka, telefone ilimponyoka mkononi ikaingia majini pamoja na SIM kadi yake. Ndani ya namba ile kulikuwa na michango ya akina mama karibu thelathini. Pesa hazikupotea, maana zilikuwa kwenye namba, hazikuwa ndani ya chombo. Lakini ilichukua karibu majuma matatu kuzipata tena, na katika majuma hayo mwanachama mmoja aliyekuwa na mtoto hospitalini alilazimika kukopa kwa riba, wakati akiba yake mwenyewe ilikuwepo na haikuguswa.

Kikundi kikakubaliana kutoa dola 150 kwa telefone mpya. Tulimsindikiza Mama yule mpaka kwenye magazini moja katika commune ya Makiso. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akamwonyesha telefone, akaeleza kwamba ina garanti ya mwaka mmoja. Kisha akaongeza: “Mama, ukiweka dola 25 juu, tunakupa mwaka wa pili. Ikiharibika, unarudisha tu hapa.”

Mama akatugeukia: “Ninyi mnaoandika kila siku, niambieni basi. Niongeze ao niache?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliomba karatasi ya garanti, tukaisoma tukiwa tumesimama palepale. Makala haya ni jibu tunalodaiwa naye, na tunafikiri linawahusu wengi: waweka hazina wa vikundi, wachungaji wanaotegemea telefone kuwaita watu, vijana wa toleka na wa pikipiki wanaopata wateja kwa simu, wanafunzi wa chuo kikuu wanaosomea ndani ya kioo kidogo.

Jeraha ambalo bado linauma

Kabla ya kuongea juu ya dola 25 za magazini, tukumbuke kwanza dola zingine tulizokatwa kwa jina la ulinzi.

Mwaka 2020 serikali yetu ilianzisha kitu kilichoitwa Registre des Appareils Mobiles, ambacho watu wote walikijua kwa jina la RAM. Msimamizi wake alikuwa ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano. Tuliambiwa kwamba kila telefone ingesajiliwa kwa namba yake ya IMEI, ili zile za bandia zitambulikane, na zile zilizoibiwa zifungwe zisitumike tena. Bei yake ilikuwa dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo ya 2G, na dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G na kuendelea. Pesa hiyo ilikatwa moja kwa moja kwenye unite. Mtu aliweka unite asubuhi ili amwite mgonjwa wake, akakuta zimepungua.

Watu walilalamika kutoka Kinshasa mpaka vijijini. Vijana waliandamana, na mwaka 2021 wabunge walimwita waziri aeleze. Mwanzoni mwa 2022 RAM iliondolewa.

Hatuleti habari hii ili kufufua ugomvi. Tunaileta kwa sababu imetufundisha namna ya kuuliza. Wazo lenyewe la kupambana na wizi na bandia halikuwa baya. Kilichowaumiza watu ni kwamba walilipa bila kukubali, hawakuwa na karatasi mkononi, na siku telefone ilipoibiwa sokoni hawakujua mlango wa kubisha. Walilipia ulinzi, lakini mlinzi hawakumwona.

Garanti ya nyongeza ina tofauti moja kubwa: hakuna anayekulazimisha. Unaweza kukataa. Lakini maswali ni yaleyale. Nani ananilinda? Ananilinda na nini? Na siku ya shida nitamkuta wapi?

Kile ambacho sheria inakupa tayari

Wengi wetu tunadhani kwamba bila karatasi ya garanti hatuna haki yoyote. Si kweli. Sheria ya mikataba tunayotumia Kongo ni ya zamani sana. Inatoka kwenye dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Ndani yake imeandikwa kwamba muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza, zile ambazo mnunuzi hakuweza kuziona siku ya kununua na zinazofanya kitu kile kisifae kwa kazi yake. Ukinunua telefone leo, na kesho kutwa inajizima yenyewe kwa sababu imetoka kiwandani na ubovu, muuzaji hawezi kukuambia tu: “Bwana, kilichouzwa kimeuzwa.” Lakini sheria hiyohiyo inadai usikawie kulalamika. Anayekaa miezi mitano na telefone mbovu kisha ndiyo aende magazini, anajidhoofisha mwenyewe.

Sheria ile ina jambo la pili ambalo watu wanalisahau: mapatano yaliyofanywa kihalali ni kama sheria kwa wale walioyafanya. Kwa hiyo ukitia sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba kioo, betri na maji havihusiki, umekubali. Kulia baadaye hakutafuta sahihi yako.

Juu ya haki hiyo ya sheria kuna garanti ya kiwanda. Kwa telefone mpya za nembo zinazojulikana, mara nyingi ni kama mwaka mmoja. Telefone nyingi mikononi mwetu ni za Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote tatu ni za kampuni moja ya Shenzhen nchini Uchina, iitwayo Transsion. Garanti hiyo ya kwanza huilipii zaidi. Iko ndani ya bei. Lakini inataka vitu viwili ambavyo wengi wetu tunavitupa siku ya kwanza: fakitire yenye tarehe, na boksi lenye namba ya IMEI.

Tafadhali fanya hivi ukiwa bado magazini, kabla ya kutoa pesa: piga *#06#. Namba ya IMEI itatokea kwenye kioo. Ilinganishe na ile ya boksi, na uombe iandikwe kwenye fakitire. Kama namba hazilingani, huna garanti yoyote, hata kama boksi ni zuri namna gani.

Basi garanti ya nyongeza ni kitu cha tatu, kinachokuja baada ya hizo mbili. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Karatasi ile ilisema nini

Karatasi tuliyosoma siku ile ilikuwa ya ukurasa mmoja. Upande wa ahadi ulikuwa na mistari mitatu. Upande wa mambo yasiyohusika ulikuwa na mistari kumi na moja. Hatumlaumu kijana aliyetuuzia. Hakuiandika yeye, na karatasi za namna hii zinafanana karibu dunia nzima. Tulikuta kwamba garanti inahusu ubovu wa kiwandani tu. Haihusu kioo kilichopasuka. Haihusu maji wala unyevu. Haihusu ubovu unaotokana na umeme. Haihusu betri iliyochoka wala chaja. Haihusu wizi. Na inakufa kabisa kama fundi mwingine ameifungua telefone.

Sasa tujiulize sisi wakaaji wa Kisangani: telefone zetu zinakufa kwa nini?

Zinakufa kwa maji. Mvua ya mji wetu haichagui msimu, na mto tunauvuka kila siku. Tujue pia kwamba ndani ya telefone nyingi kuna kikaratasi kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Fundi wa garanti anakitazama hicho kwanza. Kikiwa chekundu, mazungumzo yamekwisha.

Zinakufa kwa umeme. Kituo chetu cha umeme kwenye mto Tshopo kinafanya kazi tangu miaka ya 1950. Kina mashine tatu, na mara nyingi si zote tatu zinazozunguka. Umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, unakatika tena. Chaja ya bei ndogo haivumilii hayo, na chaja ikifa inaweza kuondoka na telefone. Wengi tunachaji kwa jirani mwenye jenereta au mwenye sahani ya jua, telefone kumi kwenye waya mmoja.

Zinakufa kwa kuanguka, zaidi kutoka mfukoni juu ya pikipiki.

Na nyingine hazifi, zinaibiwa.

Kwa hiyo mambo manne yanayotuumiza zaidi yote yalikuwa upande wa mistari kumi na moja. Wavuvi wetu wa Wagenia wanajua kwamba kikapu hata kikiwa kikubwa, kikielekezwa vibaya hakikamati samaki. Garanti ile ilikuwa kikapu kizuri kilichoelekezwa mahali ambapo samaki hawapiti.

Kwa nini mwaka wa pili ndio wanaouza

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa dunia nzima wanalijua. Ubovu wa kiwandani hauchelewi. Telefone iliyofungwa vibaya kiwandani inaonyesha ugonjwa wake mapema, katika siku au miezi ya kwanza. Wakati huo bado uko ndani ya garanti ya bure. Ikipita salama kipindi hicho, kwa kawaida inatulia. Baadaye sana ndiyo inaanza kuzeeka: betri inavimba au haishiki moto, shimo la chaja linalegea. Lakini huo si ubovu wa kiwandani tena. Karatasi inauita uchakavu, nao haulipwi.

Maana yake, mwaka wa pili unaouziwa ni kipindi chenye utulivu kuliko vyote. Ndiyo sababu wanaweza kukuuzia.

Hesabu ya viti ishirini

Bwana Yesu aliwaambia waliomfuata kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Na sisi tuketi.

Tuchukue kwaya ya watu ishirini. Tuseme kila mmoja amenunua telefone ya dola 150 na kuongeza dola 25 za garanti ya mwaka wa pili. Pamoja wametoa dola 500 juu ya bei ya telefone zao.

Sasa ili pesa hiyo irudi, ni telefone ngapi zinapaswa kufa? Hata tukisema kwamba magazini inatoa telefone mpya kabisa badala ya kutengeneza, dola 500 ukigawa kwa 150 ni tatu na kitu. Yaani zaidi ya telefone tatu kati ya ishirini zinapaswa kufa kabisa katika mwaka wa pili, kwa ubovu wa kiwandani tu, bila kuanguka, bila maji, bila umeme mbaya. Na kama magazini inatengeneza tu kwa gharama ya dola 40 kila moja, zinapaswa kuharibika kumi na mbili na zaidi ndipo kwaya ipate faida.

Jumapili ijayo, ninyi wenyewe ulizeni katika kwaya yenu: katika mwaka wa pili, telefone ngapi zilikufa zenyewe, bila sababu ya nje? Jibu lenu ni bora kuliko tangazo lolote.

Tusiseme kwamba ni sisi maskini tu tunaouziwa hivi. Uingereza, tume ya ushindani ilichunguza biashara ya garanti za nyongeza za vyombo vya umeme na mwaka 2003 ikaona kwamba wateja hawakuwa wanatendewa vizuri. Mwaka 2005 ikawekwa amri: magazini ionyeshe bei ya garanti wazi pembeni ya bei ya chombo, na mnunuzi awe na siku 45 za kubadili mawazo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inampa mnunuzi garanti ya miaka miwili bila kulipa. Na tangu Juni 2025 telefone zinazoingizwa sokoni kule zinatakiwa kuwa na betri ya kudumu zaidi, na vipuri vipatikane kwa miaka saba.

Tunaposoma hayo tunakumbuka kwamba sehemu kubwa ya kobalti inayoingia kwenye betri za dunia inachimbwa hapa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Jiwe linatoka kwetu, linakwenda Uchina, linarudi Kisangani likiwa telefone, na ni mwenye jiwe anayeuziwa garanti ya mstari mitatu. Hilo ni swali la haki kubwa kuliko magazini moja, na wawakilishi wetu wangefanya vema kulichukua: kwa nini kitu kilekile kiwe na ulinzi wa miaka miwili kwa mnunuzi wa Brussels, na mwaka mmoja wenye mashaka kwa mnunuzi wa Makiso?

Garanti au bima?

Wakati mwingine muuzaji anaahidi zaidi: “Hata ikianguka, hata ikiibiwa, tunalipa.” Hapo tusikie vizuri. Kulipia kuanguka na wizi si garanti tena, ni bima. Na bima ina sheria yake. Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa na kampuni moja tu ya bima, SONAS ya serikali. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zimepewa ruhusa, chini ya usimamizi wa ARCA.

Kwa hiyo ukiahidiwa bima ya telefone, uliza kwa upole: “Papa, ni kampuni gani ya bima iliyo nyuma yenu? Jina lake liko wapi kwenye karatasi?” Kama liko, ni jambo la kufikiria, kwa sababu linahusu mambo yanayotupata kweli. Uliza pia utalipa kiasi gani mwenyewe kabla ya kampuni kulipa, maana bima nyingi za telefone zinamwachia mteja sehemu ya gharama. Kama hakuna jina la kampuni, ni neno la mtu mmoja tu, nalo litaishi kadiri magazini itakavyoishi.

Umbali na vita

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu watu wa mashariki. Garanti ni ahadi, na ahadi ni deni. Lakini deni linahitaji mdaiwa mwenye anwani.

Vitu vingi vinavyouzwa Kisangani vinapanda mto kutoka Kinshasa kwa majuma, au vinapitia barabara ya Nia-Nia kutoka Beni na Butembo, ambapo usalama si wa hakika. Kama karatasi inasema telefone itumwe Kinshasa, uliza nani analipa usafiri, na utakaa muda gani bila telefone. Miezi miwili bila chombo cha kazi ni hasara hata kama kitarudi kimepona.

Na ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanajua zaidi. Tangu Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na familia nyingi zikahama na walichoweza kubeba. Aliyenunua garanti katika mji mmoja sasa analala katika mji mwingine. Karatasi bado iko mfukoni, lakini barabara ya kuipeleka haipo. Siku hizi, kulipa leo kwa ajili ya msaada wa mwaka kesho katika magazini fulani ni kuamini kwamba magazini itakuwepo, kwamba wewe utakuwepo, na kwamba njia kati yenu itakuwa wazi. Tunaomba iwe hivyo. Lakini si vema kuweka akiba ya wengine juu ya tumaini hilo.

Je, kuna anayepaswa kuongeza?

Ndiyo, wapo, nasi hatutaki kusema neno moja kwa watu wote. Bima yoyote ni kwa ajili ya hasara ambayo huwezi kuibeba mwenyewe. Mtu ambaye telefone ni mkate wake wa kila siku, na ambaye hawezi kupata dola 60 kwa ghafula, anaweza kufanya vema kulipa kidogo kidogo ili asianguke siku moja. Lakini basi karatasi iwe na haya: ihusu kioo na maji; fundi awe hapahapa mjini; muuzaji awe amekaa miaka mahali pale na watu wanamshuhudia; na ikiwezekana akuazime telefone nyingine wakati wa matengenezo. Karatasi yenye hayo yote tungeiheshimu. Tukikosa mawili kati yake, tungeweka pesa mfukoni.

Na kwa telefone ya okasyon, iwe imetoka Dubai au Kampala, tahadhari iwe mara mbili. Garanti ya kiwanda mara nyingi imekwisha au inafanya kazi katika nchi ilikouzwa kwanza tu. Hapo ni afadhali kuomba siku chache za kuijaribu, na kuziandika kwenye fakitire.

Mfuko wa kikundi

Tunarudi kwenye zile dola 500 za kwaya. Kama watu ishirini hao wangeziweka pamoja, dola 25 kila mmoja, hata kwa dola 1 kila mwezi kwa miezi 25, wangekuwa na mfuko wao wenyewe. Kwa bei tuliyoitumia ya dola 40, mfuko huo unalipa vioo kumi na viwili, na dola 20 zinabaki. Unalipa maji, unalipa kuanguka, unalipa mambo yote ya ile mistari kumi na moja. Na mwisho wa mwaka, kisichotumika ni chao.

Sisi tunajua kazi hiyo. Likelemba tumeifanya tangu zamani, na vikundi vya akiba vimejaa katika makanisa yetu. Lakini mfuko bila masharti unazaa ugomvi kuliko telefone iliyokufa. Kwa hiyo: andikeni kiasi cha juu ambacho mtu mmoja anaweza kupewa kwa mwaka, watu watatu waamue, si mmoja, fundi alipwe moja kwa moja, pesa zisipite mkononi mwa mwenye shida, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Mfuko usikopeshe, hata kwa mchungaji.

Jibu tulilompa Mama

Siku ile tulimwambia Mama asiongeze. Kwa zile dola 25 alinunua kifuniko kigumu, kioo cha kulinda kioo, kamfuko ka plastiki ka kuvukia mto, na chaja nzuri. Kilichobaki kiliwekwa katika daftari la kikundi kuwa mwanzo wa mfuko.

Lakini tulipokuwa tunarudi ndipo alituambia jambo ambalo lilitushtua kuliko garanti. Kwa nini pesa zilichukua majuma matatu? Si kwa sababu ya telefone. Namba ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mpwa wake, aliyekwisha kuhamia Bunia. Kampuni ilikataa kutoa SIM mpya mpaka mwenyewe aje na kadi yake ya mpiga kura, nayo ilikuwa haki yake kukataa. Hakuna garanti ya mwaka wa pili, wala ya wa kumi, ambayo ingemsaidia mtoto aliyekuwa hospitalini. Kilichokosekana ni jina sahihi kwenye namba.

Basi tunawaomba waweka hazina wote wa vikundi vyetu, kabla ya Jumapili ijayo: hakikisheni namba ya kikundi iko kwa jina la mtu aliye hapa na anayejulikana na wanachama. Andikeni namba za wanachama na michango yao kwenye daftari la karatasi, likae nyumbani kwa mtu mwingine. Namba ya siri ijulikane na mweka hazina tu, lakini watu wawili wengine waone salio kila mwezi. Na fakitire ya telefone iwekwe pamoja na daftari.

Hayo hayana bei. Kama baada ya kuyafanya bado una dola 25 na karatasi nzuri mbele yako, isome mpaka mwisho, kuanzia upande wa mambo yasiyohusika, ndipo uamue.

Amani iwe nanyi.